Kipande cha Bati

Tulianza na kiti chako,
wewe ambaye mwaka ule ulikuwa unanyonya bado
au hujazaliwa, sijui.
Cha mbele, chini kidogo,
ili mwalimu aketiye nyuma
aone utosi wako na upeo wa mbingu kwa pamoja.
Nilipima paja la mdogo wangu kwa rula ya mbao.
Akacheka, akadhani namshonea suruali.

Córdoba, Julai. Baridi ilishuka milimani
ikapenya chini ya milango ya hanga.
Kibuyu cha mate kilizunguka mkono kwa mkono,
na Anselmo akigonga meza kwa penseli:
“Iwe ya kusamehe. Mtoto akikosea, imsamehe.”

Tukaifanya ya kusamehe.
Miezi kumi na minne, mabawa matatu ya mfano,
moja likapasuka kwenye handaki la upepo;
tulilala na gundi vidoleni.
Kila kinundu tulikisugua mpaka kikaisha.

Barrionuevo aliirusha Jumanne.
Alipotua hakushuka. Alikaa ukingoni akimenya chungwa.
“Nimeipunguza mwendo, polepole, polepole.
Ikanyamaza. Tuli, kama maziwa bakulini.
Halafu ikaporomoka. Mita mia sita, bila neno.”
Akatema kokwa.
“Kusamehe inasamehe. Ila haionyi.
Mtoto atadhani anapendwa.”

Anselmo alikwenda kusimama dirishani.
Ni Zulema, wa karakana ya bati,
ambaye hakuna aliyemwuliza,
aliyekata kipande cha pembe tatu, urefu wa viganja viwili,
akakibandika kwenye ukingo wa mbele wa bawa, karibu na shina:
kinundu, baada ya mwaka mzima wa kuondoa vinundu.

Ijumaa, kabla haijaanguka, ndege ilitetemeka.
Barrionuevo alicheka redioni kama aliyetekenywa.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wanasema.
Hawasemi mkuu huongea kwa lugha gani.

Kwa hiyo usukani ukianza kukutikisa kiganja,
usidhani ni woga wako.
Ni mkasi wa Zulema. Shusha pua.

Baadaye watakupa ndege nyingine, yenye makombora
chini ya mabawa. Hiyo sikuichora,
wala sijui inasamehe nini.

Mdogo wangu anauza matairi Río Cuarto.
Hajawahi kupanda ndege yoyote.
Umekalia paja lake.