Gurudumu Lisilosafiri

Lile la kwanza lilizama Mbutu.
Tulikuwa tumeshafika, gari limeshafunguliwa,
na lile gurudumu dogo la mbele,
la mpira mfu, jembamba kama kisahani,
likashuka mchangani taratibu, bila haya,
kama mtu anayekaa kwenye kiti chake.
Stumai alilifukua kwa sufuria.
Mimi nilishika tochi na kuulaumu mchanga.
"Mchanga una kosa gani?" akaniuliza.
"Tumeukuta."

Nyumba yetu ya tela tuliinunua Mikocheni,
nyuma ya gereji ya mtu aliyehama nchi.
Panya walikuwa wapangaji wa miaka mitatu.
Hapa Tabata watoto wanaiita Friji.
Majirani huuliza, "Mtauza chipsi?"
Hatuuzi chipsi. Tunalala humo.
"Kwani nyumba hamna?"
Tunayo.

Jumanne, Gerezani.
Asubuhi Stumai alikuwa amezungusha uzi wa cherehani
kwenye ule mguu wa chuma,
akafunga fundo pale mwisho ulipokutana na mwanzo,
akautia pochini.
Dukani uzi ukanyooshwa juu ya rula:
sentimita kumi na tano na punje.
"Arobaini na nane," alisema muuzaji, "milimita,"
bila kugusa kikokotoo.
Nikamheshimu papo hapo,
jambo la hatari ukiwa na hela mfukoni.

Akashusha mawili.
Moja gumu, zito, mpira mtupu hadi moyoni:
"Hili halijui pancha. Wajukuu watalirithi."
La pili la upepo, nene, lenye meno,
valvu imechomoza kama kitovu cha mtoto:
"Zuri hili, ila linataka matunzo."
Mkono wangu ukaenda kwa lile lisilotaka matunzo.
Stumai aliyabonyeza yote kwa dole gumba.
Moja lilimkatalia.
Moja likampokea, kisha likamrudisha.
"Lisilobonyea ndilo huzama," akasema,
akaanza kutaja bei
kutoka mbali, kama anayekuja kwa miguu toka Chalinze.

Kulifunga, mtu hudhani ni kukaza bolti tu.
Fundi Lusekelo alilegeza klampu,
grisi ya zamani ikatoka, nyeusi, na unyoya ndani yake.
Mguu mpya ukaingia ukiguna.
Tukazungusha mpini, pua ya nyumba ikainuka,
tukashangilia mapema.
Maana tulipolipandisha kwa safari,
lile tairi nono liliegemea fimbo ya breki.
"Tukate kidogo," alisema fundi, msumeno tayari.
"Ukate nini?"
"Fimbo."
"Fimbo ya breki?"
Kimya. Kuku akapita.

Mwishowe kikaletwa kibao cha chuma,
unene wa kidole, yubolti mbili, chasisi haikutobolewa.
Klampu ikasogea nje inchi mbili.
Tairi likapanda tena,
likaipita fimbo kwa nafasi ya kiganja.
Stumai akalishusha, akalipandisha, akalishusha,
mpaka fundi akaomba apewe maji.

Sasa nimeshalijua tabia.
Toka Tabata, foleni yote, daraja, mpaka Mbutu,
linaning'inia tu, haligusi lami.
Vumbi na sifa wanachukua wale wakubwa wawili.
Lenyewe huteremshwa wengine wakishachoka:
hatua ishirini mchangani,
kutoka niliposimamisha mimi
hadi anapopataka Stumai.
Halizami. Linatandaza tumbo, linapita.

Lakini muuzaji hakusema uongo.
Upepo unatoka, sijui wapi;
fundi amelizamisha kwenye beseni, hakuona povu.
Si pancha. Ni kusahau, kidogo kidogo.
Basi Ijumaa jioni natoka na pampu ya baiskeli,
napiga, nabonyeza, napiga.
Jirani anapita na ndoo:
"Safari tena?"
"Hapana," namwambia.
"Tunajaza upepo."