Kona ya Ipogoro

Kaunta buku, usininunie.
Bado nakuweka juu ya kabati la vyombo,
jalada jekundu, mgongo umeshonwa kwa uzi wa viroba,
na ukurasa ule wa Machi una doa la mvua ya Isyonje
iliyokunywa hesabu zangu
kabla sijazisoma mara ya pili.

Nakumbuka. Gunia themanini na nne.
Tulipakia usiku, ukungu umeziba taa za Fuso,
lumbesa zimevimba kama shavu lenye jino bovu,
na Kihwele akaondoa gari kwa imani tu:
Dar watanunua. Lini Dar waliacha kula chipsi?
Siku mbili baadaye, dalali, sauti ya kujikohoza:
“Mama Lugano, soko limejaa. Malori tisa mbele yako.”
Tisa!
Na mimi niliyaona yakipita Inyala,
nikayapungia mkono.

Viazi vilitoa jasho, kisha macho, kisha maji.
Wewe, buku, ulijua nini? Ulijua jana.
Jana hukosei, nakusifu.
Ila jana haikati kona.

Ndipo akaja Gwamaka, likizo ya chuo,
na simu yenye ufa kutoka pembe hadi pembe.
“Shangazi, si uchawi, ni jedwali.”
Nani kavuna, lini, kilo ngapi;
nani anataka, wapi, kwa bei gani.
Nikamwambia viazi havichimbwi kwa kidole.
Akanyamaza.
Akanunua mzani wa kuning'iniza, kwa pesa yake ya boom,
akautundika kwenye boriti ya ghala
na lumbesa zikaanza kukonda zenyewe.

Siku hizi Anyandwile wa Kikondo
huandika kilo zake udongo ukiwa bado kuchani.
Mama Ndahani, muuza chipsi kule Dodoma,
ambaye sijawahi kumwona uso,
huandika: vikubwa, vikavu, visiwe vya kijani.
Basi. Hata salamu hana.

Jumatano iliyopita, alfajiri,
Fuso limepumzika Ipogoro, Kihwele anakunywa chai.
Mbele yake barabara ya Kitonga na Dar;
kushoto mlima, mji wa Iringa, Mtera, Dodoma.
Kwenye jedwali soko la Dar likaanza kuwa jekundu,
malori manne, saba, kumi na mawili,
na mimi mtandao umenikimbia.
Nilipanda juu ya tofali nyuma ya choo,
khanga imeloa umande, mkono juu kama naomba kura,
hadi meseji ikaondoka: KUSHOTO.

“Mama, nilishamwahidi mtu Dar.”
“Mpigie. Viazi havina mchumba.”

Akageuza.
Jioni salio liliingia nikichambua maharage,
gunia la mwisho bado mgongoni mwa mpakuzi.
Niliacha maharage. Nilihesabu sifuri kwa kidole,
mara tatu, kama asiyekwenda shule.

Juzi dalali Mwasomola alisimama mlangoni,
viatu vimeng'aa, kofia mkononi.
“Niingizeni na mimi kwenye hicho kijisimu chenu.”
Ningeweza kumkumbusha Machi.
Nikampa chai.
Akainama juu ya gunia la Anyandwile, akanusa,
akachomoa kiazi kimoja, akakipasua kwa ukucha:
ndani, baka la kahawia.
Jedwali lilikuwa limesema safi.
Jedwali halina pua.
Kesho anaanza ukaguzi, tumeelewana kwa kilo.

Na leo, buku, mvua tangu asubuhi,
bando limekata, sola haina jua la kula,
na watu wa Kikondo wamefika wamelowa.
Nimekushusha, nimekupangusa vumbi.
Kalamu inakwaruza. Gunia thelathini na moja.
Shikilia hizi mpaka mtandao urudi.

Usicheke.