Kabla ya Saa Sita Usiku

Denain, mwezi wa tatu. Mvua nyembamba kama waya
inashona vioo vya karakana.
Wenzako wamekwisha vua ovaroli,
wamelikimbilia basi la saa kumi na moja.
Umebaki wewe, Timéo Wasilewski,
kinga umeiinua juu ya paji la uso
kama mtu aliyesahau kufunga mlango.

Fomu yako iko mezani kwangu, kwenye kompyuta.
Nafasi kumi za kuchagua chuo. Umejaza moja:
"Kazi."
Hata hukusema kazi gani.

Unasema: Mwalimu, chuo ni cha watu wanaojua kusema.
Sisi tuliletwa ufundi kwa sababu hatukujua.

Nakijua kikao kilichokuleta. Dakika nne.
Miaka kumi na minne, alama saba za hesabu kati ya ishirini,
na mtu mwenye kalamu nzuri akaandika:
"Ana mikono."
Kana kwamba mikono humea shambani peke yake,
kichwa kikibaki ghalani.

Samaki mkunje angali mbichi, husemwa.
Lakini wewe ni wa chuma, unajua:
kikunje kikiwa baridi, kitapasuka.
Kwa hiyo sikusukumi.

Nikueleze ukweli wote, hata ule usiopendeza.
Mwaka juzi niliwapeleka sita.
Watatu walirudi kabla ya Krismasi.
Soraya alinikabidhi kadi yake ya maktaba,
akasema, nitunzie, sijui nitaihitaji lini.
Imo kwenye droo hii, kati ya boliti na aspirini.
Kila nikitafuta aspirini, naiona picha yake,
anacheka.

Mimi mwenyewe niliingia chuo na miaka thelathini na mmoja,
watoto wawili, gari lisilo na hita.
Sikwambii ili unionee huruma.
Nakwambia kwa sababu petroli ilikuwa ghali
na ningependa wewe uende kwa treni.

Baba yako anasema pesa mkononi kwanza.
Hajakosea. Babu yako alilisha tanuri
hadi siku tanuri zilipozimwa,
na pesa mkononi ndiyo lugha
ambayo nyumba yenu haijawahi kudanganywa nayo.
Kiwanda cha Valenciennes kinakusubiri Julai.
Mshahara umeandikwa, tarehe imeandikwa.
Mimi nina nini cha kukuonyesha? Herufi elfu moja na mia tano,
uwaeleze watu usiowajua
kwa nini unataka.

Basi niache "kwa nini." Niambie hili:
Jumanne, ile bomba ya unene wa milimita nane,
ulijuaje kiungo kina kasoro
kabla sijakipiga picha?

Ukakuna shingo.
"Kwa sauti. Kilikuwa kinalia
kama mafuta yaliyoingia maji."

Andika hivyo.
"Hivyo hivyo?"
Hivyo hivyo.

Ukaandika kwa vidole viwili, taratibu,
vile unavyoshona mshono wa kwanza, ule wa chini,
ambao hakuna atakayeuona na ndio unaobeba wote.
Makosa matatu ya tahajia. Nilisahihisha mawili.
La tatu nililiacha: lilikuwa na sauti yako.

Saa moja ukasema utamalizia nyumbani.
Nikakuacha uende. Nilijilaumu hadi kwenye maegesho.

Sasa ni saa tano na dakika arubaini, usiku.
Nimeketi jikoni, chai imepoa, orodha ya darasa iko wazi:
majina kumi na tisa, taa za kijani kumi na nane.
Yako bado ya njano.
Namwambia paka: ana haki yake.
Paka hakubaliani.

Saa tano na dakika hamsini na mbili, kijani.

Nafungua. Ile "Kazi" umeifuta.
Stashahada ya uchomeleaji niliyokuchagulia
umeiweka ya nne.
Juu kabisa, bila kuniuliza, umeandika:
Lille, fizikia ya metali.

Miaka mitatu, Timéo, nimekuwa nikikusogeza
kuelekea mlango wa jirani,
nikijisifu kwa ukarimu wangu.