Gego la Drateru

Kwenye picha mfereji unashuka,
uzi mweusi, mwembamba,
na katikati ya mzizi, ghafla, unapotea.

"Umeziba," anasema Adriko, mwanafunzi wangu.
Drateru ameshika shavu. "Ng'oa tu, daktari,
usiku wa tatu huu sijalala."

Jino la pembe si dawa ya pengo, mama.
Nasogeza mashine ya eksirei, upande kidogo.
Umeme wa Arua unasita,
unarudi.

Tazama, Adriko: haukuziba. Umegawanyika.
Huu mmoja, huu wa pili,
na huu hapa, kama unywele,
ambao mwaka jana sikuutafuta:
kitabu kilisema miwili, nikahesabu miwili,
nikaliziba jino,
nikapokea noti zake zinazonuka mukene,
nikamwambia, umepona.