Reli ya Machomane

Hapa Pemba hatuna reli.
Naanza na hilo kusudi, maana kila aingiaye chumbani
hunikumbusha, kama kwamba nimesahau.
Gari ya moshi ya kweli sijaipanda hata siku moja.

Mchana natengeneza meno.
Ya nta, ya plasta, ya plastiki ngumu ya waridi;
Bi Sichana wa Wawi alitaka yake yawe na mwanya
kama aliokuwa nao alipokuwa mwari.
Usiku, misasa ileile,
koleo ileile ya kupindia waya,
nazigeuzia kazi.

Binamu yangu Raya, muuguzi huko Limeriki,
alileta sanduku la kwanza mwaka ule wa mvua nyingi:
injini ya Ayalandi, vipande mia na kumi na sita,
shaba nyembamba kama ganda la kitunguu,
na karatasi ya maelekezo isiyomjali mtu.
"Nimeona inafanana na wewe," aliandika. "Haina haraka."

Nikajifunza mambo ambayo hapa hayamfai yeyote:
kwamba reli zao ni pana kuliko za jirani yao Mwingereza,
kwamba magurudumu ya dukani hukaa yamebana miguu
kama mgeni asiyezoea mkeka.
Wengine huyaacha hivyo. Mimi nilishindwa kulala.
Nikakata ekseli nane, nikazirefusha kwa waya wa meno,
milimita nne na nusu kila moja,
na ya saba ikanikatikia saa nane ya usiku,
nikasema neno ambalo mama alilisikia
ukuta wa pili.

Rangi, kijani. Lakini kijani kipi?
Raya alipiga picha ndani ya makumbusho, siku ya mawingu.
Nikachanganya, nikapaka kibao, nikakitoa juani:
kwetu kila kijani kinageuka jani la mgomba.
Siku ya tatu nikakoma.
Iwe kijani cha mawingu yao, niliyoyakisia.

Lilikuwamo na behewa la mapipa ya bia.
Shemegi Khatibu akaliinua kwa vidole viwili:
"Hili nalo, ndani ya nyumba inayosomwa Maulidi?"
Sikubishana. Mapipa nikayafungia koponi,
pahala pake nikamwaga vumbi la karafuu,
lile linalobaki jamvini watu wakishaanua,
na gundi kidogo.
Behewa la mboji (huko, anasema Raya,
wanachimba udongo wa kinamasi, wanauanika, unawaka)
nalo nikalijaza vumbi hilohilo.
Sasa treni nzima inanukia msimu.

Reli imelala juu ya mlango wa zamani wa jikoni.
Mkoani, Mtambile, Chake, Konde,
vibao nimeviandika kwa ncha ya sindano.
Mkoani hadi Konde ni sekunde ishirini na mbili.
Mpwa wangu Shaame anataka ziwe kumi.
Mwenda pole hajikwai, nilimwambia;
akaminya, injini ikaruka pale Mtambile,
ikaanguka sakafuni, dohani ikapinda.
Aliyelia ni yeye. Mimi nilikwenda kuchukua koleo.

Mama, ambaye macho yamempungua, huleta kiti chake
akasikiliza magurudumu yakipita maungio.
"Inakwenda wapi?"
"Inazunguka tu, mama."
Akafikiri. "Na mahujaji wakitufu, wao wanakwenda wapi?"
Kisha akacheka, akamwomba Mola msamaha,
akataka niizungushe tena.

Jana umeme ulikatika
treni ikiwa baina ya Chake na Konde.
Nikapapasa nitafute kibiriti.
"Wacha," akasema mama gizani,
nikamsikia akivuta mkoba wake mapajani,
akijiweka sawa kitini kama abiria.
"Itaondoka tu."