Vidole Vitano

Saa nane usiku, maabara ya Bombo,
mimi, darubini, na feni inayolia kila ikizunguka.
Chini ya lenzi, damu ya Mbwana,
miaka minne, mkazi wa Pongwe.

Chembe nyekundu nizijuazo ni duara,
zimebonyea kati kama kitumbua kilichoguswa na kidole.
Hizi zimekatika:
kofia, pembe, kigae cha chungu.
Nimehesabu hadi arobaini nikaacha.
Kuhesabu hakuziungi.

Najua ilivyokuwa, japo sikuwepo.
Maziwa mabichi, kata ya bati,
kunywa mjukuu wangu, yangali na joto la ng'ombe.
Ndani yake bakteria,
na bakteria ana sumu,
na sumu ina mkono wa vidole vitano.

Haivunji mlango. Hilo ndilo linaloniudhi.
Inatoka utumboni ikipapasa
mpaka kwenye vimishipa vyembamba kuliko unywele,
ambako seli zimetundika sukari nje,
punje tatu tatu, zimeshonwa pamoja,
kama mtu aanikavyo kikoi uani
bila kumwaza mwizi.
Vidole vinashika.
Seli inadhani ni mgeni wa heri,
inamkunjia ndani, inamshusha hadi jikoni,
na huko mkono unaachia wembe.

Jiko linazimika.
Mshipa unachubuka, unaota nyuzi,
na damu, ambayo haina habari,
inapita hapo ikienda zake kazini,
inakatwa.

Kipindupindu cha mwaka ule wa mvua
nacho kilikuja na vidole vitano vile vile,
sukari nyingine tu, na hakikutoka utumboni,
hakikuhitaji.
Binamu yangu Sekiete aliisha kwa siku moja,
kama kanga iliyokamuliwa na watu wawili.

Bibi amesimama mlangoni,
kandambili moja ya mtoto mkononi.
"Mwanangu, umeona nini humo?"
Nimemwambia figo. Daktari atakueleza asubuhi.
Maziwa sikuyataja.
Amekaa kimya, akavuta mtandio,
jirani yake alikatwa mguu mwaka jana.
"Basi ni sukari?"

La, bibi, nimesema,
nikarudi kujaza fomu,
na kalamu ikakawia juu ya karatasi,
maana ni sukari,
ila siyo hiyo.