Kijiti cha Mahembe

Tulipanda Mahembe Jumanne, wanne na kompyuta moja
na karatasi za kubandika, za njano na za waridi,
maana mwalimu Bagaya alisema biashara huanzia ukutani,
kila wazo na karatasi yake.
Ukuta wa Esta Ntahilaja ni wa udongo.
Karatasi zikashika kidogo, zikadondoka,
kuku akaidonoa iliyoandikwa "Changamoto".

Jibu tulikuwa nalo tayari.
Mashine ya kukamulia mawese: tuliichora bwenini, usiku wa manane,
ina mpini, ina chujio, ina hata jina.
Tulichokosa ni swali tu.

Wanawake kumi na mmoja wakatusikiliza
kama asikilizwavyo mgeni ambaye ataondoka leo leo.
Kisha Esta, mikono yake ina wekundu usiotoka kwa sabuni
(na sabuni anaipika mwenyewe), akauliza:
"Hiyo mashine itatupa mafuta zaidi?"
Zaidi, mama. Thelathini kwa mia.
"Basi na yeye ataiba thelathini kwa mia zaidi."

Yeye nani?
Hapo ndipo shule ilipofunguliwa.

Mnunuzi huja na fuso kabla hakujacha, na madumu yake.
Dumu limeandikwa lita ishirini.
Limetiwa maji ya moto, likajazwa upepo,
limevimba kama shavu lenye jino bovu.
Huingia ishirini na tatu, hulipwa ishirini.
"Na mnajua?"
"Si ndio sisi tunaomimina, kijana?"

Usiku ule Zabroni aliifuta mashine.
Tulikaa kimya kama matangani. Ilikuwa na mpini mzuri.

Tukaleta rula ya mbao, tukaichovya ndani ya dumu lililovimba.
Tumbo likitanuka, kimo hakibadiliki:
bibi mmoja ambaye hakuwahi kukaa darasani
alitueleza hilo polepole, asituaibishe.
Pimeni kwenye ndoo yetu kwanza, akasema, ndipo mmimine kwake.
Tukapima kwenye ndoo. Mawese yakala wino wa alama.
Adela akatoa rangi yake ya kucha, nyekundu,
juu ya mafuta mekundu.
Walicheka mpaka mmoja akaketi chini.

Safari ya nne tulileta tochi.
Esta hakuitazama. Alichukua kijiti na kisu cha kumenyea muhogo,
akakata pengo kila lita tano,
akafumba macho, akapitisha kidole gumba.
"Sisi tunauza gizani," akasema,
"nyie mnatutengenezea vya mchana."

Ningependa shairi liishie hapa.

Mnunuzi alikiona kijiti, akacheka, akageuza fuso.
Wiki tatu halikupanda.
Madumu yakajaa chumba anacholala mjukuu wa Esta,
ada ya muhula ikangoja, na simu zangu
zilipokelewa na watoto: "Bibi yuko shamba."
Kwenye fomu ya ripoti hakuna mahali
pa kuandika wiki tatu za namna hiyo.
Hamduni aliziweka chini ya "Mafunzo". Nilimwambia azitoe.
Hatukusemeshana hadi Ijumaa.

Wiki ya nne alikuja mtu wa Kasulu.
Bei yake iko chini kidogo, ndoo yake ni ndoo.
Kama wamepata au wamepoteza, nimepiga hesabu mara mbili
na nimepata majibu mawili.

Mwalimu Bagaya aliuliza mbele ya darasa:
"Kwa hiyo mmebuni nini?"
Nikasema, mapengo manne.
Akangoja niendelee.
Nikasema, na si sisi tuliyoyakata.

Alitupa B. Daftari bado ninalo.
Ukurasa wa kumi na mbili una dole gumba la rangi ya chungwa,
na mafuta yamepenya hadi wa kumi na tano,
pale tulipokuwa tumeandika, kwa herufi kubwa, SULUHISHO.